Motokaa, Jangwa na Ghaibu: Uhakiki wa Kitabu cha Safari cha R. A. Bagnold

Vitabu vya safari za jangwani ni vingi, lakini vilivyoandikwa na watu walioingia jangwani kwa motokaa ni vichache, na vilivyo vizuri miongoni mwake ni vichache zaidi. Mbele ya hivyo husimama Libyan Sands, kitabu cha Mwingereza Ralph Alger Bagnold kilichotolewa mwaka 1935. Jina lake la pili lamwalika msomaji asafiri katika dunia mfu. Maneno hayo mawili, dunia na mfu, ndiyo yatakayochunguzwa katika insha hii, kwani ndani yake imo nguvu ya kitabu na imo kasoro yake pia.

Bagnold alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa mhandisi wa jeshi, akapigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akasoma uhandisi Cambridge baada ya vita, na mwaka 1926 akapelekwa Misri. Uandishi haukuwa mgeni nyumbani kwao, maana dada yake, Enid Bagnold, alitoa riwaya yake mashuhuri National Velvet mwaka ule ule wa 1935. Mjini Cairo Bagnold na maafisa wenzake walizoea kutumia likizo zao, na kwa sehemu kubwa fedha zao wenyewe, kuendesha motokaa mahali pasipo barabara. Kwanza walikwenda Sinai, kisha wakageukia magharibi, katika lile liitwalo Jangwa la Libya, ambalo licha ya jina lake sehemu yake kubwa imo Misri, na nyingine imo Libya na Sudani. Katikati ya jangwa hilo imelala Bahari Kuu ya Mchanga, yenye urefu wa kilomita 650 hivi kutoka kaskazini hata kusini, na upana wa kilomita 300 hivi. Watu wengi waliamini kuwa hapana gari litakalovuka matuta yale. Mwaka 1929 Bagnold na wenzake waliyajaribu kutoka kisima cha Ain Dalla kwa magari ya Ford. Mwaka 1930 wakapenya zaidi. Mwaka 1932 wakazunguka mpaka Sudani. Kitabu ni habari ya safari hizo.

Sifa ya kwanza ya kitabu ni jinsi kinavyoeleza ufundi. Waandishi wengi wa safari huona haya kuzungumza habari za vyombo, kana kwamba chuma na petroli huchafua maneno. Bagnold hana haya hiyo. Huanza na shida, kisha huonyesha akili ilivyotafuta njia. Mathalani, dira ya sumaku hupotoshwa na chuma cha gari, hata msafiri hulazimika kusimama, ashuke, aende mbali kidogo ndipo aisome. Basi Bagnold akatengeneza dira ya jua, yaani sahani iliyolala, yenye alama za nyuzi, na sindano imesimama katikati. Kivuli cha sindano huanguka juu ya alama. Dereva hukiweka kivuli mahali pake, akikibadilisha kwa kadiri ya saa, naye huenda njia iliyonyoka bila kusimama. Maji ya rejeta nayo yalikuwa yakichemka na kupotea kwa mvuke. Akaunga mpira kutoka rejeta mpaka kwenye kopo lenye maji lililofungwa ubavuni mwa gari, mvuke ukaingia humo na kuwa maji tena. Kopo lenyewe lilipochemka, gari lilisimamishwa kuelekea upepo, na injini ilipopoa maji yakavutwa kurudi yalikotoka. Magurudumu yalipozama, walitandika chini yake vyuma virefu vilivyokuwa vimetengenezwa kwa ajili ya mapaa ya mahandaki ya vita. Tena walijifunza kupunguza upepo wa mipira, ili gari likanyage kwa unyayo mpana zaidi, mfano wa mguu wa ngamia.

Mambo haya yangeweza kuwa mafunzo makavu ya karakana. Yanakuwa fasihi kwa sababu kila moja laonyesha mtu anayejifunza adabu mbele ya kitu kisichomjali. Jangwa katika kitabu hiki halina hasira wala huruma, na mwandishi hajaribu kulipa tabia za kibinadamu ili apate la kusema. Asili yake ina kanuni, na kazi ya msafiri ni kuzijua kanuni hizo kabla maji hayajakwisha. Hadithi yenye adui asiye na nia mbaya ni ngumu kuiandika, nayo Bagnold ameiweza.

Kilele cha ufundi huo ni mahali anaposimulia jinsi alivyoliendesha gari kwa kasi kuelekea tuta refu la mchanga, huku macho yakidanganywa na mwanga mkali wala yasitambue mwinuko unaanzia wapi. Akili yote ilisema gari litagonga na kusimama. Badala yake liliinuka kimya kimya, likapanda, likafika juu, kwa kuwa upande unaopigwa na upepo mchanga wake umeshindiliwa imara. Mwandishi mwingine angelia na kushangilia. Bagnold hupunguza sauti hapo hapo ambapo msomaji anatazamia ipandishwe. Hutaja mshangao wake kwa maneno machache, kisha hurudi kwenye hesabu ya petroli. Huu ndio mwendo wa nathari yake kitabuni mote. Hatari husemwa kwa sauti ndogo, mzaha huja pale mambo yanapoharibika, na neno sisi hutangulia neno mimi. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi ya kuandika ushujaa bila kujisifu na azisome kurasa hizo.

Sasa turejee kwenye dunia mfu. Je, dunia aliyoipita Bagnold ilikuwa imekufa kweli?

Miaka michache kabla yake, mwaka 1923, Mmisri aliyesoma Oxford, Ahmed Hassanein Bey, alisafiri na ngamia kutoka Sollum, pwani ya kaskazini, akapita Siwa, Jalo na Kufra, akafika mlima Uweinat, akaishia El Obeid katika Sudani, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000. Kitabu chake, The Lost Oases, kilitoka mwaka 1925. Uweinat haikuwa katika ramani za wanajiografia, lakini Hassanein alimkuta huko mfalme wa Waguraan, jina lake Herri, mwenye raia wapatao 150. Wenyeji wakamwongoza kwenye majabali yaliyochorwa twiga, mbuni na swala. Naye akatambua kuwa ngamia hamna katika picha zile, akafahamu kwamba wachoraji waliishi huko kabla ngamia hajafika. Hivyo dunia hii ilikuwa na mfalme, raia, malisho, nyumba ya sanaa na majina ya mahali.

Fauka ya hayo, Januari 1931, kati ya safari ya pili ya Bagnold na ya tatu, majeshi ya Italia yaliiteka Kufra. Wakazi wake wengi, wanaume kwa wanawake na watoto, walikimbilia jangwani kuelekea Uweinat na Misri, na wengi walikufa kwa kiu. Mpima ramani wa serikali ya Misri, Patrick Clayton, aliyekuwa kazini huko na motokaa zake, aliwaokoa baadhi yao. Wengine walifika wenyewe kwa miguu katika oasisi ya Dakhla. Wale waliofia njiani hawakufia katika dunia mfu. Walifia katika nchi waliyoijua, baada ya kufukuzwa kwenye visima vyake.

Basi kwa nini mtu mwenye macho makali kama Bagnold akachagua jina lile? Jawabu si dharau, kwani hamna dharau nyingi kitabuni. Jawabu limo katika chombo chenyewe. Msafiri wa ngamia huenda kutoka kisima hadi kisima. Kila kisima kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana jina, ukoo, ugomvi na jirani yake, na haki ya kutoa maji au kuyanyima. Kwa hiyo Hassanein alilazimika kuamkia watu, kunywa chai, kuahidi, kusubiri na kusadiki neno la kiongozi. Motokaa ya Bagnold ilibeba kisima chake ndani ya madebe. Uwezo huo ndio uliomfikisha asikoweza kufika ngamia, na uwezo huo huo ndio uliomwondolea haja ya kubisha hodi. Asiyeomba maji hana haja ya kujua jina la mwenye kisima. Na nchi ambayo majina yake hayakuulizwa ni rahisi kuonekana tupu.

Yafaa hapa Bagnold atendewe haki. Mtetezi wake aweza kusema kwamba Bahari Kuu ya Mchanga si Uweinat. Kati ya matuta yale hapakuwa na kisima wala mchungaji, na misafara yenyewe ilipitia pembeni. Sehemu hiyo isingaliandikwa hata leo kama ingalisubiri ngamia. Hoja hii ni ya kweli. Tena Bagnold mwenyewe hakuficha alama za watu. Alikuta duara la mawe yaliyosimamishwa kwa mikono, na mawe ya kusagia nafaka mahali ambapo sasa hapaoti hata jani. Mtu aliye kipofu hayaoni hayo.

Lugha ya Kiswahili hutusaidia kupima jambo hili. Kwa Kiingereza neno dead laweza kuitwa kitu kilichokufa, na laweza kuitwa kitu kisichokuwa na uhai tangu mwanzo. Mswahili anayetafsiri hana nafasi ya kusitasita hivyo. Akisema dunia mfu, au dunia iliyokufa, amekiri kwamba iliwahi kuishi, na msikilizaji atauliza ilikufa lini, kwa maradhi gani, na warithi ni nani. Akitaka kusema haikuwa na uhai kamwe, atatafuta neno lingine. Kitabu cha Bagnold husitasita kati ya maana hizi mbili. Anapoandika juu ya mawe ya kusagia, dunia yake ni marehemu mwenye historia: nchi iliyokuwa na mvua na majani, kisha ikakauka miaka elfu kadhaa iliyopita. Anapoandika juu ya kasi ya gari na upana wa upeo, dunia yake ni ukurasa mweupe. Ukurasa mweupe humpendeza mchora ramani. Marehemu huwadai watu heshima. Kasoro ya kitabu ni kwamba mwandishi haoni kuwa amehama kutoka maana moja hadi nyingine.

Uchunguzi wa baadaye umeongeza uzito wa hoja hii. Kusini magharibi ya Dakhla kuna kilima kiitwacho Abu Ballas, ambacho mpima ramani John Ball alikifikia mwaka 1918 akakuta chini yake rundo la mitungi ya maji. Tangu mwisho wa karne ya ishirini wataalamu wamefuata alama kama hizo wakatambua njia ya kale ya misafara ya punda, yenye vituo vya mitungi, iliyotumiwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita kuelekea Gilf Kebir. Punda hawezi kustahimili kiu kama ngamia. Kwa hiyo wasafiri wa zamani zile walifanya kama alivyofanya Bagnold na madebe yake, wakabeba kisima na kukiweka njiani kabla ya safari. Mhandisi wa mwaka 1930 alikuwa na ndugu katika ufundi, wa zamani kuliko ngamia wa Jangwa lile, wala hakumjua.

Mara nyingi Bagnold hulinganishwa na Wilfred Thesiger, aliyevuka Robo Tupu ya Arabuni kwa ngamia kati ya miaka 1945 na 1950, akaandika Arabian Sands mwaka 1959. Thesiger alichukia motokaa kwa moyo wake wote. Aliona kwamba safari iliyorahisishwa na mashine hupoteza thamani, na kwamba heshima ya jangwa imo katika njaa, kiu, na udugu wa wenzake wa kabila la Rashid, bin Kabina na bin Ghabaisha. Katika jambo la watu, kitabu chake kimekishinda cha Bagnold kwa mbali. Hakuna atakayekifunga akasema ile ilikuwa dunia mfu. Lakini Thesiger naye ana upofu wake. Aliporudi Omani mwaka 1977 akawakuta rafiki zake katika nchi ya mafuta na motokaa, alihuzunika kana kwamba wamemsaliti. Alitaka wabaki maskini ili jangwa lake libaki safi. Wao, waliokuwa wamebeba kiu tangu utotoni, hawakuona utukufu wa kuendelea kuibeba bure. Kama Bagnold alikosea kwa kutoona watu, Thesiger alikosea kwa kuwataka watu wasiondoke katika picha aliyowachora. Kwa hiyo si kweli kwamba ngamia humfanya mwandishi mwema na motokaa humharibu. Kila chombo kina jambo linachoonyesha na jambo linachoficha, na mwandishi hana budi kulijua la pili.

Mfano wa mwandishi aliyelijua ni Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry. Mwishoni mwa Desemba 1935, mwaka uliotoka kitabu cha Bagnold, ndege yake ilianguka katika Jangwa hilo hilo la Libya, yeye na fundi wake Prévot wakatembea siku kadhaa bila maji mpaka wakaokolewa na Bedui mwenye ngamia. Katika Terre des hommes, kilichotoka mwaka 1939, mashine ndiyo inayomtupa mwandishi jangwani, na mtu asiyemjua ndiye anayemrudishia uhai. Kisima kilipovunjika pamoja na ndege, ilibidi aombe maji, na alipoomba maji akaiona sura ya mwenye nchi. Kurasa hizo hazina ufundi wa dira wala rejeta, lakini zina jambo ambalo kitabu cha Bagnold kimelikosa.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kujali swali hili. Miongoni mwa nathari za kwanza za Kiswahili zilizopigwa chapa ni habari za safari. Carl Velten alizikusanya baadhi yake na kuzitoa mwaka 1901 kwa jina Safari za Wasuaheli. Humo mna safari ya Selemani bin Mwenye Chande ya kwenda bara, na safari ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hata Urusi na Siberia mwaka 1896. Mwenye kuzisoma baada ya Bagnold hushangazwa na jambo moja. Katika masimulizi hayo nchi haisimuliwi mbali na watu wake. Siku huhesabiwa kwa vituo, na kituo hujulikana kwa aliyekuwa akikitawala, kilichodaiwa, kilicholiwa na maneno yaliyosemwa. Hata katika baridi ya Siberia, nchi ambayo kwa mtu wa pwani ingeweza kuitwa mfu kwa haki zaidi ya jangwa lolote, Salim anatazama watu: mavazi yao, dini yao, chakula chao. Masimulizi haya yana upungufu wao. Mandhari mara nyingi hupitwa kwa sentensi moja, na msomaji anayetaka kujua mlima ulionekanaje hatajibiwa. Walakini yamesimama juu ya msingi ambao Bagnold hakuujenga, yaani kwamba safari ni kupita katika nchi yenye wenyewe.

Mwisho wa kitabu Bagnold huzungumzia Zerzura, oasisi ya hadithi iliyotafutwa kwa karne nyingi katika Jangwa hilo, na ambayo jina lake lilipewa hata chama cha wasafiri, Zerzura Club. Mwaka 1932 mabonde yenye miti yalionekana kutoka angani katika Gilf Kebir, na wengine wakasema hiyo ndiyo Zerzura. Mabonde hayo hayakuwa yamepotea kwa Watebu waliochungia humo baada ya mvua. Yalikuwa na majina tayari. Bagnold, kwa busara, hadai kwamba kitendawili kimeteguliwa. Huona Zerzura kuwa jina la kile kinachongoja kugunduliwa mahali pagumu kufikiwa, na husema Kiingereza hakina neno lifaalo kwa wazo hilo. Kiswahili kinalo neno linalokaribia: ghaibu. Lakini ghaibu ni kile kisichoonekana na mtazamaji. Halimaanishi kwamba hakipo, wala kwamba hakuna mwingine anayekijua. Laiti Bagnold angalikuwa na neno hilo, huenda kitabu chake kingaliitwa safari katika ghaibu, na jina hilo lingalikuwa la kweli kuliko lile alilolichagua.

Elimu iliyopatikana katika likizo zile haikubaki burudani. Mwaka 1940 Bagnold aliunda mjini Cairo kikosi cha Long Range Desert Group, ambacho askari wake wa mwanzo wengi walitoka New Zealand, na dira ya jua, kopo la rejeta na vyuma vya mchanga vikawa silaha dhidi ya majeshi ya Italia. Mwaka 1941 akatoa The Physics of Blown Sand and Desert Dunes, kitabu cha sayansi ya mwendo wa mchanga ambacho kimesaidia hata uchunguzi wa sayari ya Mirihi. Matuta ya mchanga yaliyochunguzwa huko na chombo Curiosity yamepewa jina la Bagnold. Si vitabu vingi vya safari vilivyozaa matunda ya namna hii, na matunda hayo yathibitisha kwamba macho ya mwandishi yalikuwa ya kweli katika yale aliyoyatazama.

Hukumu basi ni hii. Libyan Sands ni kitabu kikubwa kwa nathari yake isiyojisifu, kwa jinsi kinavyoufanya ufundi kuwa jambo la akili na adabu, na kwa uaminifu wake juu ya mchanga. Kimepungukiwa juu ya watu, na upungufu huo umetokana na uhuru ule ule uliokifanya kiwezekane. Leo magari ya kupanda matuta ni mengi kuliko wakati wowote, njia husomwa kwa setilaiti, na alama za magurudumu hubaki juu ya changarawe za jangwa hilo miaka mingi baada ya waliozipiga kufa. Anayeandika habari za safari kama hizo atajifunza kwa Bagnold namna ya kupima petroli yake na namna ya kupima maneno yake. La kuuliza mwenye kisima jina lake, atajifunza kwa Hassanein, na kwa Selemani na Salim wa lugha yake mwenyewe.